HAKI YA MAJI NA HAKI YA WAPITAO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya, Rugerero)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, natoa shukrani zangu kwa kupewa nafasi hii. Mwenyekiti amenitaka niseme maneno machache juu ya daraja la kijito chetu, ambalo jumuiya imekusudia kulijenga upya, na ambalo limekwisha kutugawa makundi mawili kabla halijawekewa hata jiwe moja. Naye aliniomba nisemapo nisielemee upande wowote. Nilimwahidi kuwa nitajitahidi, lakini mtu wa umri wangu akijitahidi sana kutoelemea huishia kutosema neno. Kwa hiyo nitaanza mbali, katika mji wa Mombasa, kisha nitarejea hapa nyumbani. Atakayeona safari ni ndefu na anivumilie, kwani bidhaa nyingi zilizomo katika maduka yetu, na katika maduka ya jirani zetu wa Goma, zimeisafiri njia hiyo hiyo kabla ya kutufikia.

Mombasa ni kisiwa. Jambo hili wengi wetu tunalisikia wala hatulitii akilini, nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka 1992 nilikuwa kijana, nimemaliza shule ya msingi na kukhitimu msahafu, na baba yangu akanitafutia nafasi katika lori ili niende pwani kuongeza elimu ya dini. Kwa kuwa njia ya Gatuna ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, tulizungukia Goma, tukaingia Uganda, kisha Kenya. Sikumbuki tulilala njiani siku ngapi. Nakumbuka tu kuwa alfajiri moja niliona minazi, na joto likanishika kama mtu aliyefungua tanuri, nikamwuliza dereva, "Bahari iko wapi?" Yule bwana alicheka hata akakohoa, akaniambia, "Umekwisha kuivuka, mwanangu. Umo kisiwani."

Nikageuka nyuma kutazama. Tulikuwa tumepita juu ya tuta, la mawe na udongo, lenye barabara, na reli ikipita kando. Maji yalikuwa kulia na maji yalikuwa kushoto, nami nilikuwa nimedhani ni barabara kama barabara nyingine zote. Mahali hapo panaitwa Makupa.

Waliotutangulia hawakupavuka Makupa kwa usingizi. Zamani palikuwa ni kivuko cha miguu: maji yakipwa, mtu huweza kuvuka kutoka bara, na yakijaa, kisiwa kimefungwa. Maji ndiyo yaliyokuwa ukuta wa mji. Mwaka 1589 Wazimba, watu wa vita waliokuwa wamekuja kutoka kusini wakiharibu miji, walifika ng'ambo ya Makupa wakapiga kambi. Ndani ya kisiwa alikuwamo amiri wa Kituruki, Mir Ali Bey, aliyekuja kuwasaidia watu wa Mombasa dhidi ya Wareno, naye akaweka merikebu zake mbili pale kivukoni kuwazuia Wazimba wasivuke. Wareno wakaja na jahazi zao kutoka baharini, wakazishinda merikebu zile, na kivuko kikabaki wazi. Wazimba wakaingia, na yaliyowapata watu wa Mombasa siku hizo ni makubwa mno. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1593, Wareno wakaanza kuijenga ile Ngome ya Yesu ambayo ingali imesimama hadi hii leo.

Nimeitaja khabari hii kwa sababu moja. Wale wazee wa Mombasa waliyajua maji yao: saa ya kupwa, saa ya kujaa, na mahali ambapo kina ni kifupi. Maisha yao yalitegemea kuyajua. Lakini walipokuja Waingereza na reli yao, kuanzia mwaka 1896, waliona kwa jicho la mtu mwenye haraka. Walitaka gari la moshi litoke bandarini liende Uganda, na kati yake na Uganda pana mkono mwembamba wa bahari. Kwanza wakaweka daraja la mbao, na baadaye likaja tuta. Na tuta, ndugu zangu, ni kitu rahisi: mwaga mawe, mwaga udongo, shindilia, pitisha gari. Kwa wapitao juu halina kasoro. Limebeba mizigo ya nchi zetu zote hizi za ndani kwa miaka mingi, na katika mizigo hiyo imo saruji iliyojengea nyumba zenu.

Lakini chini yake palikuwa na maji yenye njia. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na maji ya upande wa Tudor na maji ya upande wa Port Reitz yalikuwa yakikutana pale Makupa, yakipishana, yakichukuliana taka na kuleteana uhai. Tuta likayatenga. Upande huu maji yakaingia na kurudi yalikotoka, na upande ule vivyo hivyo, kama watu wawili waliojengewa ukuta katikati ya ua wao. Matope yakakaa. Mikoko na samaki wakaingia taabuni. Na ubavuni mwa njia hiyo, pale Kibarani, ndipo mji ukapageuza jalala lake kwa miaka mingi, hata mgeni aingiaye Mombasa akawa hupokewa na harufu kabla ya kupokewa na mwenyeji. Nami nilipokuwa mwanafunzi nilipita hapo nikiwa nimeshika pua, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini maji yale yamesimama.

Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho hicho palifanywa jambo jingine. Mwaka 1931 lilijengwa daraja la Nyali, nalo lilikuwa ni daraja la kuelea. Liliwekwa juu ya vyelezo vikubwa, na bahari ilipojaa daraja lilipanda, na ilipopwa likashuka. Na waliolipita walilipa ushuru. Mimi sikulikuta, lilikwisha kuondolewa, na mwaka 1980 likafunguliwa daraja la zege lililopo mpaka leo. Lakini mzee niliyekuwa nikikaa kwake Mji wa Kale alilijua vema, akinisimulia namna ambavyo mtu aliweza kulitambua bamvua kwa miguu yake, kwa jinsi ukingo wa daraja ulivyokuwa mkali wa kupanda au kushuka. Maneno hayo sijayasahau. Daraja lile lilikuwa na kasoro zake, ndiyo maana likabadilishwa, lakini halikumwambia maji, "Simama." Na hili lililolifuata limesimama juu ya nguzo, na maji yanapita katikati ya nguzo kama yalivyokuwa yakipita.

Basi kisiwa kimoja, na vivuko viwili. Kimoja kiliwapa watu haki yao na kuwanyima maji. Kingine kiliwapa wote wawili, kwa gharama kubwa zaidi.

Mtu asije akadhani kuwa nasema ni afadhali kukaa bila daraja mpaka fedha zipatikane. Yako masikio hapa yanayotamani niseme hivyo, nami nimeyaona yakisimama. La. Upande wa tatu wa Mombasa, upande wa kusini, ni Likoni, na huko hakuna daraja. Hapo ndipo meli kubwa zinapopita kuingia bandari ya Kilindini, kwa hiyo daraja la hapo halina budi liwe refu sana kwenda juu, na limezungumzwa kwa miaka mingi. Wenye magari wamepatiwa njia ya kuzungukia Dongo Kundu, lakini mwenye miguu yake angali akivuka kwa feri. Havukishwi kwa malipo, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, si mbali na Likoni, ilipinduka asubuhi watu wakienda kazini. Ilikuwa imepakia kupita kiasi chake. Walikufa watu 272. Mimi nilikuwa Mombasa siku hiyo. Niliswali pamoja na watu jeneza baada ya jeneza, na watu waliniona nikilia wakadhani nimefiwa ndani ya feri ile. Sikuwaambia kitu. Mwezi huo wa Aprili mwajua nchini kwetu palikuwa pakitendeka nini, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nami nilikuwa mbali, sina barua, sina simu, sijui ni nani wa kwetu aliye hai. Nilijikuta nikiwalilia watu wa Mtongwe kwa kuwa wao angalau niliweza kuwasimamia mbele yao. Sitasema zaidi ya hapo.

Na wala tusiitazame Mombasa tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, ikiwa imejaa watu ambao njia yao ya nchi kavu ilifungwa na vita, ilizama Kituku, ikiwa karibu kabisa kutia nanga Goma. Kutoka hapa Rugerero ni mwendo wa asubuhi moja. Wapo kati yenu waliokwenda kutambua maiti. Kwa hiyo sina haja ya kumfundisha mtu yeyote wa Kivu kuwa kuvuka maji bila njia ya salama ni khatari. Watoto wetu wa madrasa wanavuka kijito sasa hivi kwa magogo mawili yaliyofungwa kamba, na kila mvua inyeshapo mwalimu huhesabu vichwa mara mbili. Daraja ni la lazima. Ninalozungumzia ni daraja la namna gani.

Sasa nirejee nyumbani, na hapa nitawatia aibu kidogo, nikianza na nafsi yangu.

Wazee wanakumbuka kuwa tulikwisha kujenga hapo. Tulikuwa na fedha kidogo, na madrasa ilikuwa haijaezekwa. Fundi alitupa njia mbili: boriti juu ya kuta za mawe, na chini pawe wazi, au mabomba mawili ya saruji yalazwe ndani ya kijito, yafukiwe kwa mawe na udongo, na watu wapite juu. Mabomba yalikuwa rahisi kwa zaidi ya nusu. Ni mimi niliyesimama, mahali kama hapa, nikasema tuchukue mabomba, na kitakachosalia tununue mabati. Mkapiga takbiri. Mabati tukayanunua, na ndiyo hayo yaliyo juu ya vichwa vya watoto mpaka sasa. Nami nikajiona nimefanya hesabu njema.

Basi lile lilikuwa ni tuta la Makupa, dogo, la kwetu. Nililipita kila siku kwa miaka kadhaa wala sikulitambua, kama vile nilivyoipita bahari ndani ya lori. Kiangazi maji yalipita katika mabomba vizuri. Masika yakaja, na kijito cha milima yetu hakileti maji matupu. Kinaleta migomba, matawi, magunia, mawe. Mabomba yakaziba. Maji yakafika pale yakakuta mlango umefungwa, yakapanda, yakatafuta njia nyingine, na njia waliyoiona ilikuwa ni ua wa mama mmoja mzee, jirani yetu, ambaye si Mwislamu, ambaye hakuwa na mtoto katika madrasa yetu wala hakuwa na safari ya kuvuka daraja letu. Ukuta wa jiko ukaanguka. Mbuzi wawili wakafa.

Nilikwenda kumpa pole. Hakunitukana wala hakudai kitu. Aliniuliza swali moja tu: "Sheikh, mlipojenga, mliyaambia maji yapite wapi?"

Nilitafuta jibu, na wallahi sikulipata. Tulikuwa tumejadiliana upana wa njia, na kama baiskeli mbili zitapishana, na jiwe la majina ya waliochanga liwekwe upande gani. (Jiwe hilo nalo lilichukuliwa na maji, na katika yote yaliyopotea ndilo nisilolisikitikia.) Juu ya maji hatukusema neno hata moja.

Na hali elimu tunayo. Wanachuoni wetu wa fikihi wameandika milango mizima juu ya haki za maji: wa juu asimzuilie wa chini, na mtu asijiletee nafuu kwa kumdhuru jirani yake. Mimi mwenyewe nimeyasomesha hayo. Lakini mtu huweza kusomesha mlango wa maji akiwa amekaa juu ya bomba lililoziba. Na mtu akitaja kuwa kuondoa kero njiani ni katika matawi ya imani, asisahau kuwa tunaweza kuiondoa kero katika njia yetu tukaiweka katika ua wa mwenzetu.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Sina haja ya kuwasimulia. Mto Sebeya uliacha njia yake; Kanama, Nyundo na hapa kwetu Rugerero watu waliamshwa na maji vitandani. Katika nchi nzima, magharibi na kaskazini, walikufa watu zaidi ya 130 katika siku hizo, na nyumba zilizobomoka ni maelfu. Mvua ile ilikuwa ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hapana mwenye kulibisha hilo. Lakini maji yanayoshuka kwetu hutoka katika milima ya Gishwati, na sehemu kubwa ya msitu wa Gishwati ilikwisha kukatwa na mikono ya watu, na mlima usio na miti hauwezi kuyashika maji. Sasa Serikali imeuhifadhi msitu uliosalia na inaotesha mingine, na vijana wetu wametoka katika umuganda kupanda. Hayo ni mema. Nasi katika usiku ule tulikuwa na sehemu yetu ndogo: mabomba yetu mawili yaliyoziba, ambayo yalizuia maji kwa muda, kisha tuta zima likapasuka likaenda pamoja nayo. Sijui kiasi gani cha madhara ya huko chini kilikuwa ni cha mvua, na kiasi gani kilikuwa ni chetu. Hesabu hiyo nitaikuta mbele.

Sasa nasikia rai inayosema: tuyarudishe mabomba, ila safari hii yawe matatu na yawe mapana. Wenye rai hii si watu wabaya. Wanasema fedha za boriti zitachukua mwaka mmoja zaidi kupatikana, na magogo yale yanaweza kumwangusha mtoto kesho. Nawaelewa, maana ni maneno yangu mwenyewe ya zamani yanayonirudia. Lakini bomba la tatu litazibwa na mgomba wa tatu.

Nawapa khabari ya mwisho ya Mombasa. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilifungua daraja jipya pale Makupa, lenye urefu wa mita 457, kwa ajili ya kulibadili tuta lile la zamani. Limegharimu shilingi za Kenya kiasi cha bilioni 4 na nusu. Wala si kwa kuwa magari hayakuwa na pa kupita, maana tuta lilikuwapo na lori ziliendelea kupita juu yake usiku na mchana. Fedha hizo zote zimetolewa kwa sababu ya maji, ili Tudor na Port Reitz zipate kukutana tena. Watu walilipa bei ndogo kwa tuta, kisha wajukuu wao wakalipa bei kubwa kulivunja. Nilipoisoma khabari hiyo nilimkumbuka yule dereva, nikamkumbuka na mama jirani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nimeshindwa kuitimiza ahadi niliyokupa. Rai yangu ni boriti, na chini pawe wazi kutoka ukingo hadi ukingo, pasiwe na nguzo ya katikati ya kukamata matawi. Na kwa ajili ya watoto, katika huo mwaka wa kusubiri, vijana watengeneze kivuko cha mbao chenye mikono ya kushikia pande zote mbili, kitakachoweza kuondolewa mvua ikizidi. Na siku ya mvua kubwa madrasa ifungwe, wala mzazi asimlaumu mwalimu. Mabati yakihitaji kuuzwa, nitakuwa wa kwanza kupanda juu kuyafungua. Watoto walikwisha kusoma chini ya mti zamani, na waliokhitimu chini ya mti ule mnawaona hapa.

Liko jambo moja nililolifanya bila ya rukhsa ya kamati, na naomba radhi. Juma lililopita nilikwenda na fundi kwa yule mama. Siku hizi anakaa juu kwa mwanawe, lakini upande mmoja wa nyumba yake ya zamani ungali umesimama. Tulimwomba atuonyeshe maji yalifika wapi usiku ule wa Mei. Alikuja na fimbo yake taratibu, akagusa ukuta mahali penye alama ya matope, juu kidogo ya bega langu. Fundi akapima kutoka hapo hadi ukingo wa kijito, akaandika katika daftari lake, akasema boriti hazina budi zikae mita moja juu ya alama hiyo. Mama akamwambia azidishe nusu. Fundi amezidisha.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.